Ng'ombe wa Kozohura

Pale Sesfontein, Namibia, walimwita mwosha mavi, na Uerikua hakukasirika, maana ndiyo kazi iliyomlisha. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifuata nyayo za simba kwenye mchanga wa mto Hoanib, akiokota kinyesi chao na kuandika tarehe na mahali juu ya kila mfuko. Kisha alikiosha bombani kwenye chekecheke mpaka zikabaki nywele na vipande vya mifupa. Nywele alizikausha, akazigandisha juu ya kioo kwa rangi ya kucha, akazitazama kwa hadubini. Magamba ya unywele wa choroa si ya unywele wa mbuzi. Mwenye macho na subira hakosei.

Wafugaji waliopotelewa walimfuata hapo hapo bombani.

"Uerikua, beberu wangu yumo?"

"Hayumo. Humu ni punda milia mtupu. Beberu wako kamtafute kwenye sufuria ya shemeji yako!"

Walicheka wakaenda zao. Na mnyama wao alipokuwamo, aliwaambia vilevile, bila kuzunguka.

Lakini tangu Machi alikuwa na mnyama wake wa kutafuta. Ng'ombe mwekundu wa marehemu mkewe, Kozohura, alikuwa amepotea. Kozohura alikuwa na mwito wake wa kukamulia, mrefu, unaopanda mwishoni, na ng'ombe yule hakujua mwingine. Mkewe alipofariki, Uerikua aliujaribu kwa sauti nyembamba, huku akitazama nyuma asije akasikika. Ng'ombe akaja. Miaka miwili, kila jioni, aliita hivyo na akaitikiwa. Alimkosa mkewe saa zote za siku isipokuwa hiyo moja.

Ng'ombe alipopotea vilimani, kwenye mawe yasiyoshika nyayo, alimwita wiki mbili. Ndipo jirani yake Kandjii alipomsimanga kisimani mbele ya watu.

"Mwanamume mzima, kila jioni unapaza sauti ya kike! Haya, tukuletee posa lini?"

Kisima kizima kiliangua kicheko. Uerikua aliona haya, akaacha kuita. Alijiambia kwamba ng'ombe ameshaliwa zamani, na kilichobaki ni kuzipata nywele zake ili moyo utulie. Kila mfuko alioufungua tangu hapo aliufungua kwa hofu na kwa hamu.

Siku moja ya Juni alikuwa akiosha pamoja na Ndahafa, mtafiti aliyemwajiri. Chekechekeni zilibaki nywele nyekundu, nyingi, na katikati yake kipande cha hereni ya njano, ile wanayovalishwa ng'ombe masikioni. Uerikua alikisugua kwa kidole gumba. Zilisomeka tarakimu tatu za mwisho za namba yake.

"Unamjua mwenyewe, tate?" Ndahafa aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Ni wetu. Wa Kozohura."

"Oo, pole sana. Lakini angalau sasa umejua, tate. Umengoja mno."

Hakumsikia. Alikuwa ameuchukua mfuko mtupu na kusoma mwandiko wake mwenyewe. Jumanne, siku mbili tu zilizopita. Alikumbuka kwamba kinyesi kilikuwa bado kibichi, kimejaa nzi, na kwamba alikiokota nyuma ya kilima kinachoonekana kutoka mlangoni pake.

"Mwanangu, nyama hukaa siku ngapi tumboni mwa simba?"

Ndahafa alimshangaa, maana hilo Uerikua mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Mbili. Zikizidi sana, tatu."

Uerikua alihesabu kwa vidole, taratibu, kisha akahesabu tena. Alikaa chini palepale kwenye tope la bomba.

"Basi Jumapili alikuwa hai," alisema. "Miezi yote hii alikuwa nyuma ya kilima, anasubiri aitwe, na mimi nimenyamaza."