Kisahani Kilichompiga Bi Orie

Bustani yetu ya kando ya mto ina vikapu tisa tu vya minyororo, vya mchezo wa kulenga kwa visahani vya plastiki, na asubuhi tunaovirushia wengi ni wastaafu. Dozono, kinyozi wa zamani, alirusha mbali kutuzidi sote, na hakutuacha tusahau.

"Wewe Wakasugi, unarusha au unamwaga taka?" alimtania mwenzake.

"Punguza kelele, mzee. Rusha tukuone."

Asubuhi hiyo ya vuli walikuwa kwenye kikapu cha sita, panapokatiza njia ya waendao kwa miguu. Hapo sote hungoja njia iwe tupu. Dozono hakungoja. Kisahani kilipinda hewani kikampiga Bi Orie, aliyekuwa akipita, kifundo cha mkono. Bibi huyo, mwalimu wa maandishi ya brashi, alichuchumaa palepale.

Dozono alipaswa kukimbia. Badala yake alirudi nyuma ya mti. Wakasugi ndiye aliyemwendea, akainama kichwa kikakaribia magoti.

"Tuwie radhi sana, mama."

Bi Orie, akiushika mkono wake, akajibu, "Nisameheni mimi, nimewakatizia mchezo."

Maneno hayo yalimchoma Dozono kuliko matusi. Wakasugi alimrudishia kisahani chake.

Siku zilizofuata Dozono hakuonekana bustanini. Mkewe alipomwuliza, alisingizia mafua. Kisha akapita kwa Bi Orie, akaona tangazo mlangoni: masomo yamesimama. Uso ukamwiva kwa haya. Alikwenda kununua keki za maharage, akarudi kubisha hodi.

"Mama, ni mimi niliyekupiga. Nikajificha."

"Najua," alisema Bi Orie. "Bwana Wakasugi hana nguvu za kufikisha kisahani pale. Ingia."

Mkono wa kulia ulikuwa bado umefungwa bandeji. Akamimina chai kwa wa kushoto, polepole, nyingine ikimwagika mezani. Dozono hakuthubutu kumpokea birika. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alikuja bustanini, akamwinamia Wakasugi mbele yetu sote.

"Nilikuacha uombe radhi kwa kosa langu."

"Basi, mzee, yamekwisha. Zamu yako."

Dozono alisimama na kisahani mkononi. Njia ilikuwa tupu kabisa. Aliitazama kitambo kirefu, kisha akasogea pembeni.

"Tangulieni nyie," alisema.