Jicho la Papa Wilondja nililomtwika mdogo wangu

Tulikuwa watano kwenye tope lile, njia ya Kilembwe: Papa Wilondja, dereva wa tingatinga, Shefu, mkubwa wetu wa kazi, Mama Sifa, aliyetuuzia bugali, Riziki, mdogo wangu, na mimi, fundi. Kosa ni langu. Nimelisema!

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule ili wadogo zangu watatu wasome. Riziki ndiye aliyefika mbali. Mimi Kifaransa sikijui hadi leo.

Mnyororo wa tingatinga ulikuwa umetoka. Siku tatu tulilala matopeni, mvua juu, inzi mdomoni, funguo zikiteleza. Ukichimba shimo, linajaa maji. Jamani, niliichukia ile mashini! Na ili kuurudisha mnyororo, lazima kwanza uulegeze, utoe grisi iliyobanwa ndani kwa kufungua skurubu moja.

Riziki alikuja kuniletea nguo kavu. Akakuta kitabu cha mashini, cha Kifaransa, kwenye kiti, akasoma, akanifuata chini.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "baliandika ufungue muzunguko moja tu. Grisi ya mule iko na nguvu sana. Na muntu asisimame mbele."

"Hii kazi ndiyo inakulipiaka minerval ya masomo. Leo unataka kunifundisha?"

Papa Wilondja alituona kwa mbali. Mvua ilikuwa inapiga chuma, hakusikia maneno. Akacheka: "Fundi, leo umepata mwalimu!"

Kicheko kile kilinichoma. Alipokuja kunisaidia, akainama mbele ya ile skurubu, nami nikazungusha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa hasira tu!

Skurubu iliruka kama risasi. Papa Wilondja akashika uso. Jicho lake la kushoto halikupona.

Shefu akaja mbio. "Nani alisema mufungue yote?"

Nikanyoosha kidole chenye grisi. "Ni huyu. Alinisomea vibaya."

Riziki aliniangalia. Alijua wadogo wetu wawili wanakula kwa kazi ile. Akafunga kitabu, akapangusa tope kwenye jalada.

"Ni mi nilikosea, Shefu."

Mama Sifa alilifikisha neno hilo hadi soko la Baraka. Riziki akipita, watu wanaitana: "Muone ule wa Kifaransa cha kutoboa macho!" Alikuwa anataka kusomea ufundi wa mashini. Sasa hataji tena. Nikileta kitabu nyumbani, anatoka nje.

Nimebaki na kazi yangu. Kila Jumamosi ninampalilia Papa Wilondja mihogo yake. Ananishukuru! Ananiambia: "Fundi, we uko muntu muzuri. Si kama mudogo yako."

Nyinyi wakubwa mnaolea, sikieni: mtoto uliyemsomesha akikusomea, msikilize! Ukikosea, usimkabidhi kosa lako. Atalibeba, kwa sababu ulimbeba.

Deni langu ni maneno mawili, "Mi nilidanganya," mbele ya wale wale wanne. Jumamosi iliyopita nilipalilia mistari sita. Papa Wilondja akanipa maji. Nikayanywa, nikarudi nyumbani nayo yale maneno, hayajatoka.