Eluned Atafuta Uhalifu Usioripotiwa

Eluned Prosser, msichana wa mji mdogo wa Llandeilo huko Wales, ana miaka kumi na saba na anasomea elimu ya uhalifu. Kazi yake ya mtihani ni kubuni kampeni kuhusu uhalifu ambao watu hawauripoti polisi, na kueleza kwa nini wanaunyamazia. Mwalimu alikuwa ameshamkatalia mada mbili. Ya tatu ilitakiwa Jumatatu, la sivyo angefeli.

Jumapili alimenya viazi na bibi yake Olwen, anayeitwa Mamgu, yaani “bibi” kwa Kiwelisi.

“Bibi, haya maua ya dirishani ulinunua wapi?”

“Kununua? Mimi?” Mamgu alicheka. “Hili nimelikata kwa mchungaji bila kuomba, nikalipanda. Lile, kwenye bustani ya jumba la makumbusho. Mkasi wangu unakaa mkobani, mjukuu wangu, ubavuni mwa Biblia.”

Eluned aliweka kisu chini na kuchukua kalamu.

“We mtoto, unaandika nini?”

“Kampeni, Bibi. Mshukiwa wa kwanza keshakiri.”

“Haya, andika! Lakini useme nakata kitawi kimoja tu, tena kwa adabu. Siyo kama mke wa mchungaji, anayeng’oa na mizizi.”

“Mke wa mchungaji naye?”

“Kanisa zima! Yale mawaridi yake si ya kwangu? Sasa nimshtaki vipi, polisi wakija si wataanzia dirishani kwangu?”

Eluned alimbusu bibi yake shavuni, akaiandika sentensi hiyo neno kwa neno. Jumatatu mwalimu aliisoma, akacheka, akaipitisha mada.