Chandarua cha Wageni

Kila nilipotoka Kibaha, ninakofanya kazi ya ofisini, kwenda Kibuta kumsalimia mama, nililala kama bi harusi. Mama alitoa sandukuni chandarua kipya alichopewa zahanati, akakifunga juu ya kitanda cha wageni. Nikiondoka, alikikunja na kukirudisha. Kwetu kitu kizuri ni cha mgeni. Na mimi, msomi wa familia, sikuwahi kuuliza yeye analala ndani ya nini.

Masika iliyopita jirani akanipigia simu: mama anatetemeka, hali chakula. Niliomba ruhusa siku hiyohiyo. Nilimkuta amekaa juani, kajifunika blanketi.

"Ni mvua tu, mwanangu. Nililowa kwenye mihogo."

"Mvua haileti malaria, mama. Mbu ndio wanaoleta."

Nilisema kwa ukali kwa sababu niliogopa. Baba alitutoka kwa homa ya namna hiyo, na mzazi niliyebaki naye ndiye huyu.

Zahanati walimtoboa kidole, na baada ya muda mfupi kipimo kikaonyesha malaria. Muuguzi akamuuliza kama ana chandarua.

"Kipo."

"Unalala ndani yake?"

"Ni cha wageni."

Muuguzi akanigeukia. Niliona aibu, nikatazama viatu vyangu. Mgeni mwenyewe nilikuwa mimi.

Nilibaki Kibuta. Alipewa dawa ya mseto ya siku tatu, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni, na nilihakikisha amekula kwanza. Siku ya pili homa ikashuka, akaomba ugali na kisamvu, akaumaliza. Kisha nikamwona anafunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga.

"Hivi tuviweke. Mgeni akiugua je?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini vimelea hubaki kwenye damu hata homa ikiondoka, kwa hiyo nilimsimamia kila dozi, mpaka ya mwisho.

Jioni ya siku ya tatu nilipigilia misumari juu ya kitanda chake, nikafunga kile chandarua na kukichomeka chini ya godoro. Alijilaza ndani, akanitazama, hana raha hata kidogo.

"Sasa mgeni atalala wapi?"

"Mimi si mgeni, mama. Mimi ni mwanao."

Kisha akasogea ukutani, akainua chandarua kidogo kwa mkono.

"Ingia basi. Upesi, mbu wanaingia."