Nyama ya Shujaa Haikugawanywa

Nakumbuka, mwanangu Kabula, asubuhi moja ya kiangazi hapa Kabungu, mimi bado kijana, tulipomkuta Shujaa amekufa zizini. Shujaa alikuwa maksai wetu wa plau, na marehemu babu yako alimpenda kuliko alivyotupenda sisi. Mungu amrehemu mzee wangu.

Enzi zile ng'ombe akifa, nyama iligawiwa majirani wote, nao baadaye walikusaidia upate mwingine. Basi wakaja na mabeseni yao, na visu vikanolewa.

Siku hizo mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mama daktari wa mifugo, alikuwa amepiga kambi shuleni na wanafunzi wake, wakichunguza magonjwa ya ng'ombe wetu. Alipoona damu puani mwa Shujaa, akasimama mbele ya wenye visu.

"Mzee, huyu asipasuliwe. Nahofia kimeta. Kinaua na watu."

"Binti yangu, nikiwanyima hawa nyama, nitaishi na nani?" Babu yako aliuliza.

Yule mama hakumfokea. Alivaa glavu, akatoa tone la damu sikioni mwa Shujaa, akaenda kulipima kwa hadubini yao. Kabla wanafunzi hawajaangalia, akamwita mzee achungulie. Akamweleza taratibu kwamba vile vijidudu kama vijiti ndivyo vilivyomuua Shujaa. Mzee alichungulia mpaka nikadhani amesinzia.

Aliporudi alishika fimbo, akasimama mwenyewe mlangoni mwa zizi.

"Nyama hakuna. Nendeni na watoto wenu wakiwa wazima."

Waliondoka wamenuna. Shujaa akachomwa, akafukiwa, na mzee akalia, nami nikalia naye. Lakini yule mama na wanafunzi wake walichanja ng'ombe wa kila boma, wakieleza walichokiona, na kabla kiangazi hakijaisha majirani walewale wakamletea mzee ndama.

Sasa nawe umepata nafasi chuo cha mifugo. Soma, mwanangu, na ufanye utafiti, ila ulichokipata kisibaki maabara. Mwite mwenye ng'ombe achungulie kwanza. Akibisha usimdharau, muulize anaogopa nini.

Na siku masomo yakikuchosha, kumbuka binti wa jirani aliyewatangulia wote zizini asubuhi ile na beseni lake la bluu, akarudi nalo tupu, mzima. Huyo ndiye mama yako.

Nenda salama. Mungu akutangulie, akulinde mikono na macho, akurudishe kwetu ukiwa bado unacheka hivyo.