Daftari la Kupuliza na Kuimba

Anastasio alirudi kijijini kwao Yalagué akiwa na miaka hamsini na minane, mgongo uliozoea magunia ya unga, na kitabu kinene cha mazoezi ya tarumbeta alichokinunua siku moja kabla ya kupanda basi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaokea mikate watu wa jiji la Meksiko. Miaka yote hiyo hakugusa tarumbeta.

Kilichomrudisha ni dada yake. Fidelina alimzidi miaka tisa, hakuolewa, na sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Muuguzi wa zahanati alimwambia bila kuzunguka kwamba akizimaliza mvua za mwaka huu, ashukuru. Na huko kwenye milima ya Oaxaca mtu hazikwi kimya. Bendi ya kijiji humtoa nyumbani, kila mpigaji na kiti chake begani, na ndugu wa marehemu anayejua kupuliza hukaa mbele. Baba yao, Epifanio, alizikwa Anastasio akiwa jijini. Kiti cha Anastasio kilibebwa kitupu hadi makaburini, kikawekwa mbele, kijiji kizima kikakiona. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Safari hii alitaka kukikalia kiti hicho, tena awe na mdomo unaoweza kupuliza.

Basi akaanza na kitabu chake. Sauti moja ndefu, halafu nyingine, kisha do-re-mi kupanda, kushuka, kupanda tena, toka asubuhi hadi jua la utosini. Chumba cha Fidelina kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo. Siku ya nne, Anastasio akiwa na midomo iliyovimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, fimbo iligonga ukuta.

"Tacho!" Fidelina alimwita kwa jina lake la utotoni. "Hebu njoo hapa."

Akaenda.

"Wewe unanijengea ghorofa?"

"Ghorofa gani, dada?"

"Siku ya nne leo unanipandisha ngazi na kunishusha. Mgonjwa wa moyo mimi! Na huko juu kwenyewe sijafika."

"Ni mazoezi, dada. Kitabu kinasema mdomo upate nguvu kwanza."

"Hicho kitabu kimewahi kuzika mtu?"

Anastasio alicheka bila kutaka, na mdomo wa chini ukapasuka, ukatoa damu.

Alasiri alikwenda kwa Mwalimu Gildardo, kiongozi wa bendi, ambaye alifundishwa na Epifanio mwenyewe. Gildardo alikipokea kile kitabu, akakipima mkononi kama mtu anayenunua nyama.

"Kizuri," akasema. "Kinamfaa kijana anayetafuta kazi kwenye bendi ya jeshi. Wewe unataka jeshi?"

"Nataka kumpulizia dada yangu, Mwalimu. Na sina muda."

Gildardo akafungua kabati la bendi. Mpigaji akifariki, daftari lake la noti hutunzwa humo. Akatoa kitabu cha nyimbo za kanisa, akakiweka mezani. Kando yake akaweka daftari lililofungwa kitambaa cha buluu. Anastasio alilitambua kabla halijafunguliwa.

"Hilo siliwezi."

"Mbona halina noti ngumu?"

"Sisemi noti, Mwalimu."

Gildardo akafuta vumbi mezani. Halafu akasema, "Usiangalie kipi kitakukomaza haraka. Angalia kipi utakifungua kesho bila kusukumwa."

Anastasio akaondoka na daftari la baba yake.

Lilikuwa na nyimbo ishirini na nne, kwa mwandiko uliolalia upande. Wa kwanza ulikuwa na noti tano tu, wala haukupanda zaidi ya sauti ya mama anayeita kuku. Juu ya kila wimbo paliandikwa jina la mtu: Wa Cirila, alipompata ng'ombe wake. Wa harusi ya Wenceslao. Na chini ya kila mmoja, maneno yaleyale: *Puliza. Weka chini, imba. Kisha puliza tena.* Epifanio alijua kwamba mtu akiimba, midomo inapumzika, na wimbo wenyewe unaendelea.

Shida ni kwamba koo la Anastasio lilikuwa limeharibiwa na vumbi la unga. Aliimba mstari mmoja tu, ukuta ukagongwa.

"Basi, basi! Puliza wewe. Kuimba niachie mimi."

Ikawa hivyo Juni yote, na Julai. Anapuliza, analaza tarumbeta magotini, Fidelina anaimba ng'ambo ya ukuta kwa maneno ya kujitungia. "Wenceslao, kanyaga taratibu, viatu ni vya kuazima!" Halafu Anastasio anapuliza tena, akitabasamu. Nyimbo tano, kumi, kumi na tano. Uvimbe uliisha bila yeye kujua umeisha lini. Siku nyingine Fidelina aliimba nusu, iliyobaki ikawa pumzi tupu. Anastasio alisubiri. Hakuwahi kuinua tarumbeta kabla ya zamu ya dada yake kwisha, hata kama zamu yenyewe ilipita kimya.

Siku moja fimbo ikagonga.

"Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Nahesabu mimi, usinione nimelala. Wa kumi na tisa ni wangu."

"Nimeuweka kwanza, dada."

"Unauwekea nini? Nipulizie ningali na masikio."

Ulikuwa walsi, muziki wa kuchezea dansi, wa kuhesabu moja-mbili-tatu. Aliupuliza, akashusha tarumbeta, na Fidelina akaimba zamu yake yote bila kukatika.

"Baba aliutunga nilipomkataa yule mwenye nyumbu aliyeniposa," akasema baadaye. "Ukoo mzima ulininunia. Yeye akanitungia walsi. Siku yangu msinipigie ule muziki wa kuburuta miguu, Tacho. Nipigieni huu."

Alikufa Alhamisi moja ya Agosti, asubuhi, kikombe cha kahawa hakijaisha.

Bendi ilipanda kilima kwenye matope, viti begani. Kaburini wakaketi. Gildardo akatoa ishara kwa kichwa, na Anastasio akaupuliza walsi tangu mwanzo. Midomo ilimtii. Alipofika mwisho wa zamu ya kwanza, akashusha tarumbeta, akailaza magotini kama alivyofanya kila siku.

Bendi iliendelea nyuma yake, tuba na ngoma, moja-mbili-tatu, bila mtu wa kubeba wimbo. Gildardo aliinua mkono kuwaashiria wapigaji wa klarineti waupokee. Kisha akamtazama Anastasio, jinsi alivyoinamisha sikio kuelekea jeneza, akaushusha mkono. Hapo ndipo Anastasio alipotambua alichokifanya. Angeweza kuinua tarumbeta. Hakuinua. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza. Zamu ilipita yote hivyo, mvua ikidondoka kwenye ngozi ya ngoma. Ilipokwisha, akaweka tarumbeta mdomoni, akamaliza.

Wakishuka, Wenceslao, mpigaji wa tuba, alimfikia akihema.

"Mdomo ulikukimbia pale katikati, ee?"

"Hapana."

"Sasa?"

Anastasio alikiweka kiti vizuri begani. "Haikuwa zamu yangu."



Jumatatu Anastasio alifungua wimbo wa ishirini. Akaupuliza, akalaza tarumbeta magotini, akasubiri. Ukuta ulikuwa kimya. Akayasoma tena maneno ya baba yake, akakohoa, akaanza kuimba mwenyewe kwa sauti inayokwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga. Aliimba hadi mwisho. Kisha akachukua tarumbeta.