Mkwe Nisiyemtazama, Mpakani Kasumulu

Sikuwa na hamu ya kusafiri, maana mpunga ulikuwa unaiva na ndege hawana huruma. Lakini mwanangu Ambakisye, anayeuza mchele Karonga, alipiga simu. Serikali ya Malawi imeamuru wakimbizi wote waishio mijini warudi kambini, na mke wake ni mkimbizi kutoka Kongo. Yeye, mkewe na mtoto wao wamevukia Kasumulu, upande wetu wa Tanzania. Uhamiaji wanataka mzee wa familia aithibitishe ndoa, la sivyo mke arudishwe Malawi.

Mke wangu ndiye angefaa kwenda, ila alikuwa anauguza mguu. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, ndiyo heshima. Hata siku ya harusi nilikula chumba cha pili.

Asubuhi nikatoka Busale kwa bodaboda. Kokoa ilikuwa imeanikwa njia nzima, wala sikuiona. Niliogopa.

Kasumulu, afisa kijana, mgeni wa huku, alinipokea kwa shikamoo nzuri. Akamwacha Ambakisye nje na mtoto, akafungua mlango wa ndani.

“Mzee, huyu ndiye mkweo? Mtazame vizuri.”

Nikageukia ukuta. Nyuma yangu kiti kilianguka, miguu ikakimbia.

“Mbona amejificha nyuma ya kabati? Na wewe mzee, unamkana?”

Nikimtazama, nimemvunjia heshima. Nisipomtazama, anapelekwa kambini. Heshima si kitu mbele ya mjukuu, nikasema moyoni, nikaanza kugeuka.

“Tata, baba yangu, usigeuke!” Ilikuwa sauti ya afisa wa kike, mzaliwa wa Ndandalo huku kwetu, aliyekuwa akiingia. Alicheka mpaka akashika meza. “Mwenzangu, mke wa kuazima angejificha? Angemrukia mzee shingoni ili mwone. Huyu ni mkwe wa Kinyakyusa kabisa!”

Kijana naye akacheka. Aliniuliza mengine, nikamjibu nikiwa nimeuelekea ukuta, kisha akagonga muhuri kibali cha muda. Cha kudumu tunakifuatilia.

“Ndaga fijo,” nikashukuru, na machozi yakanitoka bila aibu.

Kurudi tulikodi bajaji mbili: moja ya Ambakisye na mkewe, nyingine yangu mimi na mjukuu. Nilicheka peke yangu hadi Busale.

Nimejifunza kwamba amri hutiwa saini mbali, lakini hubisha hodi kwa mtu mmoja mmoja, na mtu huyo anahitaji wa kumwitikia. Mkwe wangu sasa yupo kwetu. Kila asubuhi namsikia akifagia uwanja, nami nakohoa kwanza kabla ya kutoka. Uso wake siujui mpaka leo, na nalala usingizi mzuri.